Katuni fupi ya mtoto na mbwa: anza na The Present

Mkuu, umeomba katuni fupi ya urafiki wa mtoto na mnyama, ya kuangalia na watoto wa miaka 5 na 9, isiyo na kifo wala Kiingereza kingi. Jibu langu ni The Present ya mwaka 2014. Ni kama dakika nne tu, hata bando dogo linatosha. Jacob Frey na Markus Kranzler waliitengeneza wakiwa wanafunzi wa chuo cha filamu kule Ludwigsburg, Ujerumani, na kisa chake kimetoka kwenye katuni ya kuchorwa ya Mbrazili Fabio Coala.

Kijana amezama kwenye gemu sebuleni. Mama anaingia, anamwachia boksi. Ndani kuna mtoto wa mbwa. Kijana anambeba kwa furaha, halafu anaona hana mguu mmoja wa mbele. Hapo hapo anamtupa chini.

Mwanangu mdogo alikasirika kwelikweli, akataka nizime. Wewe usizime, na usieleze kitu. Mbwa mwenyewe wala hana habari na dharau ile: kaona mpira, anaukimbilia, anabiringika, anainuka, anaufuata tena. Kijana anajikausha, lakini macho yameshaanza kuiacha gemu. Mwishowe anaamua kutoka nje wakacheze, na anapoinuka ndipo tunamwona na magongo. Naye hana mguu mmoja.

Nimekusimulia wewe mzazi. Watoto waache wagundue wenyewe. Mkubwa wangu alinyamaza, kisha akaomba turudie ili akague kama miguu ilionekana mapema. Kurudia huko ndiko kulikozaa maongezi: kwa nini amchukie mbwa anayefanana naye? Mkubwa akasema, "Alikuwa hataki kukumbushwa." Mimi nisingeweza kulisema vizuri kuliko hivyo.

Halafu jiandae na swali la "na sisi tutafuga lini?" Mitaa yetu mingi mbwa ni wa ulinzi, watoto wanakua wakimrushia mawe, kwa hiyo nilifurahi sana kuwaona wangu wanamwonea huruma. Ila niliwaambia waziwazi: mbwa wasiyemjua hashikwi, kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Na aking'ata mtu, wasifiche wakiogopa kugombezwa. Jeraha linaoshwa vizuri kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo.