Tabo iliyopangwa Nairobi haijui joto la Mombasa

Swali: Salaam aleikum fundi. Nakaa Bamburi, nina Suzuki Hayabusa ya 2008. Fundi mmoja wa Nairobi ananiambia atanifungia tabo ya presha ya nusu baa bila kufungua injini, na kompyuta ataipanga hukohuko kabla sijateremka. Rafiki yangu naye anashikilia niiuze, niongeze pesa, nichukue Kawasaki H2 SX iliyotoka kiwandani na supachaja yake. Nimsikilize nani?

Jibu: Waaleikum salaam ndugu yangu. Katika maelezo yako yote, yaliyonishtua ni maneno matatu: "bila kufungua injini".

Tabo ni panga linalozungushwa na moshi wa ekzosi, na supachaja ni panga linalozungushwa na injini yenyewe; zote mbili huisukumia injini hewa. Hayabusa yako ina sisi (cc) 1,340 na mgandamizo wa 12.5 kwa 1, yaani pistoni inaibana hewa ndani ya silinda mpaka nafasi yake inapungua mara 12.5. Suzuki waliupandisha hivyo kwa kuwa injini hiyo inavuta hewa yenyewe, hakuna kinachoisukumia. Ukianza kuisukumia, mchanganyiko wa hewa na petroli unabanwa kupita kiasi, unapata joto, na sehemu yake inalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Huko ndiko tunakoita kugonga.

Waliotengeneza pikipiki za tabo kiwandani walilijua hilo tangu zamani. Honda walipoitoa CX500 Turbo mwaka 1982, walishusha mgandamizo kutoka 10 hadi 7.2. GPZ750 Turbo ya Kawasaki ilikuwa na 7.8. Hata Ninja H2 ya 2015, pamoja na kompyuta yake yote, ilianza na 8.5. H2 SX ya 2018 ndiyo iliyopandishwa hadi 11.2, na ili wafike hapo iliwabidi wabuni upya supachaja, pistoni na kichwa cha silinda. Wewe unaambiwa ubaki na 12.5 na pistoni zilezile.

Pistoni ya kazi kama hiyo niliwahi kuishika mkononi. Juu ilikuwa imechimbikachimbika kama iliyomwagiwa chumvi ya mawe ikalika, na ukingo mwembamba ulio kati ya ringi ya kwanza na ya pili ulikuwa umemeguka kipande cha ukubwa wa ukucha. Mwenyewe aliniambia ilikuwa ikisikika kama kokoto ndani ya mkebe kila akikaza mafuta, akadhani ni mnyororo. Pikipiki hiyo ilipangwa Nairobi, na huko ilikwenda vizuri.

Hapo pana jambo ambalo wengi hawalipigii hesabu. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na presha ya hewa ya kawaida huko ni kama 0.83 ya baa. Hapa kwetu ufukweni ni 1.01. Vali inayoizuia tabo isipitilize inatumia springi, na springi hiyo inalinganisha presha ya tabo na hewa ya nje. Kwa hiyo nusu baa ya tabo inajumlishwa juu ya hewa ya nje: ya Nairobi inaingia kwenye silinda ikiwa 1.33, ilhali nusu baa ya Mombasa inaingia ikiwa 1.51. Presha imepanda kwa asilimia 13 hivi na hakuna aliyegusa skrubu. Kama kompyuta haikufundishwa kusoma presha halisi, petroli inakuwa kidogo na plagi inawaka mapema kuliko inavyofaa. Ongeza joto letu la Februari na foleni ya daraja la Nyali jioni, ambapo intakula, kile kipoza hewa inayotoka kwenye tabo, haipati upepo hata kidogo.

Tabo yenyewe siidharau. Inakula moshi wa ekzosi ambao ungepotea bure, na kwa nguvu za juu kabisa mashine iliyofungwa na fundi hodari inaweza kuipita H2 SX mbali. Ubora wa supachaja ya Kawasaki ni utiifu wake. Ile ya H2 ya kwanza ina panga la milimita 69 linaloendeshwa na krenki kwa gia, mara 9.2 kwa kila mzunguko, hivyo injini ikifika 14,000 panga linakaribia 130,000. Ukifungua mafuta, presha ipo, hungoji moshi ujikusanye. Tena gia zake ziko mbali na ekzosi na zinakunywa oili ileile ya injini. Tabo ya kufungiwa mara nyingi huning'inia chini mbele ya injini, oili haiwezi kurudi yenyewe kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na pasipo pampu ya kuirudisha utaona moshi wa buluu.

Kwa mtu anayekwenda kazini kila siku na Malindi wikendi, mimi ningechukua H2 SX, na rafiki yako yuko sawa. Kama moyo wako uko kwa Hayabusa, na najua mapenzi hayo, basi injini ifunguliwe, iwekwe pistoni za mgandamizo wa chini, presha isomwe na sensa, na pampu ya oili iwepo. Kisha mipangilio ifanyiwe hapa Mombasa, saa saba mchana, injini ikiwa imeshachemka. Fundi wako akikataa kuja na kompyuta yake, usimpe pikipiki. Na kabla ya yote, pimisha presha ya silinda zote nne. Moja ikiwa chini ya wenzake, hakuna tabo ya kuzungumzia mpaka ijulikane kwa nini.