Maswali ya Wafugaji: Tembe Wanaolikataa Sanduku la Kutagia

SWALI: Mhariri, ninaishi Kasarani katika nyumba yenye ua mdogo, na ninafuga tembe watano niliowanunua wakiwa vifaranga. Mume wangu amewatengenezea sanduku la mbao la kutagia, tukaliweka chini karibu na mlango wa banda ili iwe rahisi kuokota mayai. Hata hivyo, wawili ambao wameanza kutaga hulipita sanduku hilo na kwenda kutaga nyuma ya magunia ya makaa, na mwingine ambaye hajaanza amelifanya chumba cha kulala na kulijaza kinyesi kila usiku. Jirani amenishauri nimfungie kuku ndani ya sanduku mpaka atage. Je, ushauri huo unafaa?
Msomaji, Kasarani

JIBU: Dada yetu wa Kasarani, ushauri huo usiufuate. Tembe anayefungiwa ndani ya sanduku huingiwa na hofu, na kuku mwenye hofu anaweza kulizuia yai kwa saa kadhaa, kisha akifunguliwa hukimbilia kule kule nyuma ya makaa. Kuku hutaga mahali alipopachunguza mwenyewe na kuridhika kwamba pana giza, pana utulivu na hapana njia ya adui kumjia kwa nyuma. Ukiyatazama magunia yako kwa jicho hilo, utakiri kwamba tembe wako wamechagua vizuri, kwa sababu sanduku lililowekwa mlangoni hupigwa na mwanga, hupitwa na watu tangu alfajiri, na kuku wengine hulikanyaga wakitoka nje.

Lihamisheni sanduku hadi kwenye kona ya banda iliyo mbali na mlango na yenye giza zaidi, mkaliinue kiasi cha sentimita 40 hadi 50 kutoka sakafuni na kuweka kijiti mbele yake cha kutulia kabla ya kuingia. Kila upande uwe na kama sentimita 30, kwani sanduku pana mno huwavuta kuku wawili kwa pamoja, nao wakisukumana mayai huvunjika. Mbele pigilieni ubao wa sentimita 10 hivi wa kuzuia matandiko yasimwagike, na ikiwa bado mwanga unaingia, ning'inizeni kipande cha gunia kifunike nusu ya mlango. Sanduku moja linawatosha kuku wanne au watano, ingawa mimi ningeongeza la pili kwa kuwa yupo mmoja aliyekwisha kujitwalia hilo la kwanza, na wala si lazima mumtafute fundi: sanduku la nyanya la mbao, kama yale yanayoonekana katika soko la Marikiti, likilazwa ubavu na kupunguzwa mlango linafaa kabisa. Ndani tandazeni maranda makavu au nyasi kavu kwa kina cha vidole vinne. Gazeti tupu huteleza, na tembe hawezi kulichimba.

Kuchimba huko ndiko kunakoliamua jambo. Mtazame tembe asubuhi anapokaribia kutaga. Huacha kula, huambaa na ukuta akitoa sauti ndefu ya chini kwa chini, huingiza kichwa penye kila upenyo, huingia, hutoka, kisha hurudi kuchungulia mahali pale pale alipopakataa. Akikubali, huketi na kujizungusha huku kifua kikichimba bonde dogo, halafu huokota majani kwa mdomo na kuyatupa mgongoni mwake. Ukimkuta katika hali ya kuchunguza, kabla hajaketi, unaweza kumbeba taratibu, umweke mbele ya sanduku na kuondoka. Asipoingia, usimlazimishe, bali umrudie kesho yake.

Ndani ya sanduku acheni yai la bandia, maana kuku huvutiwa na mahali ambapo pameshatagwa. Mpira wa gofu unafaa, na yai la mbao lililochongwa na fundi linafaa pia. Wapo wafugaji wanaoacha yai halisi, lakini mimi sipendi desturi hiyo, kwa kuwa yai hilo likivunjika tembe wataonja kiini, na kuku aliyezoea kula mayai ni vigumu mno kumwachisha. Kwa sababu hiyo hiyo, lolote litakalotagwa nyuma ya makaa liondolewe mara moja, mahali pale paoshwe harufu iishe, na magunia yasogezwe hadi ukutani au nafasi ile izibwe kwa matofali. Msipoiziba, hata sanduku bora kuliko yote litashindana na maficho ambayo kuku ameshayazoea, na mazoea ya kutaga hujengeka katika mayai machache ya mwanzo.

Yai huchukua takriban saa 25 kutengenezwa, kwa hiyo kuku aliyetaga leo saa mbili asubuhi huenda kesho akataga saa tatu au baadaye kidogo, mpaka ifike siku anayopumzika. Mayai mengi hata hivyo huja kabla ya adhuhuri. Kwa wiki moja au mbili, wafungieni tembe wote ndani ya banda, wakiwa na maji na chakula, hadi saa tano au saa sita mchana ndipo muwafungulie. Huku ndiko kufungia kunakofaa: kuku ana nafasi ya kutembea na kuchagua, isipokuwa magunia hayamo miongoni mwa machaguo yake.

Kuhusu yule anayelala sandukuni, kuku hupenda kulala mahali palipo juu kuliko pote. Wekeni fito za kulalia zilizo juu zaidi ya sanduku, zipite angalau kwa sentimita 20, na jioni kabla ya giza mlifunike sanduku kwa ubao, ambao mtauondoa usiku wakishapanda fito zao ili wanaotaga mapema wasilikute limefungwa. Paa la sanduku liinamishwe sana ili asipate pa kusimama. Kama kuna tembe anayelala humo ingawa fito zipo, wachunguze usiku kwa tochi ukitazama chini ya fito na katika nyufa za mbao, maana utitiri hujificha humo mchana na kuwanyonya damu usiku, na kuku hukimbia fito zenye wadudu.

SWALI: Tembe wangu wa kienyeji wametimiza miezi sita na hawajataga hata yai moja. Rafiki yangu anasema niwawashie taa usiku kucha. Je, nifanye hivyo?
Msomaji, Ruai

JIBU: Usiwawashie usiku kucha, kwa sababu kuku anahitaji giza la kulala. Miezi sita si kuchelewa kwa kuku wa kienyeji. Wale chotara wa kibiashara huanza karibu na wiki ya 18 hadi ya 22, lakini wa kienyeji huchukua muda zaidi. Mshike mmoja jioni na upapase mifupa miwili iliyo chini ya mkia: ikiwa kidole kimoja tu ndicho kinachopita kati yake, bado hajawa tayari, na ikiwa vinapita viwili au vitatu, yai liko karibu. Upanga wa kichwani uliokolea wekundu, na tembe anayechutama unapomgusa mgongoni, ni dalili za namna hiyo hiyo.

Ni kweli kwamba hapa Nairobi mchana una kiasi cha saa 12 mwaka mzima, ilhali kuku wa mayai hutaga vizuri zaidi wakipata saa 14 hadi 16 za mwanga. Wenye kuku wengi huongeza taa alfajiri, kuanzia saa kumi hivi, wala si jioni, kwa kuwa taa ikizimwa ghafla usiku kuku hubaki sakafuni bila kuona njia ya kupanda fito. Kwa kuku wachache wa nyumbani sioni haja ya gharama hiyo. Fedha hiyo inunulie chakula, nacho kibadilishwe kiwe cha kuku wa mayai pale tu dalili nilizozitaja zinapoonekana au yai la kwanza linapotoka. Chakula hicho kina chokaa nyingi, na tembe wanaokilishwa mapema mno huharibika figo. Wakianza kutaga, weka kando chombo cha maganda ya chaza yaliyosagwa, kila mmoja adonoe kwa kadiri anavyohitaji. Yai la kwanza lenye ganda laini lisikutishe, lakini yakiendelea hivyo kwa wiki kadhaa, mwite daktari wa mifugo.