Ukisimulia upya ngano, tafuta pale inaponyamaza

Ukitaka kuandika riwaya ya fantasia inayosimulia upya ngano ya kale, ramani ya nchi ya kubuni na majina ya majini yasubiri. Isome kwanza ngano yenyewe, tena katika simulizi kongwe kabisa utakalolipata, ukitafuta mahali inaponyamaza. Ngano husema fulani alifanya nini. Kwa nini alifanya, mara nyingi haisemi. Hapo ndipo riwaya inapopata nafasi yake.

Chukua kisa cha Sultani Darai, kilichokusanywa Unguja na mmisionari Mwingereza Edward Steere na kuchapishwa London mwaka 1870. Maskini anayechakura jaani akitafuta punje za mtama anaokota thumuni, ananunua paa. Paa anasema! Anapata almasi, anaipeleka kwa sultani wa mbali kama zawadi ya bwana wake, anamposea binti. Hata jina la Sultani Darai analojulikana nalo bwana wake ni paa aliyelitoa. Kisha anamuua nyoka wa vichwa saba na kumkabidhi bwana wake jumba la nyoka huyo. Mwishowe paa anaugua. Bwana anaagiza apikiwe uji wa mtama, anakataa hata kwenda kumtazama. Paa anakufa, anatupwa kisimani. Na yule tajiri anazinduka usingizini, yuko jaani, anachakura kama zamani.

Katika miswada ya wanaoanza ninayoisoma, nyoka ndiye hupewa kurasa nyingi. Naelewa, vita vinanoga kuandika. Lakini nyoka hana siri. Siri iko kwenye ule uji. Mtu aliyeijua njaa ya jaani anawezaje kumnyima chakula kizuri yule yule aliyemtoa huko? Ngano haijibu. Mimi naona paa ndiye shahidi wa pekee kwamba Sultani Darai hajawahi kuwapo. Paa akifa, uongo unageuka ukweli. Wewe utapata jibu lako, ila ukishalipata, lipande tangu mwanzo. Bwana aanze kukwepa macho ya paa mbele ya wakwe. Amkatize anapotaja walikotoka. Msomaji akifika kwenye uji, aumie bila kushangaa. Wengi wanaujua mwisho tayari, kwa hiyo kinachowavuta ni njia ya kuufikia.

Uwezo wa ajabu nao unataka mipaka. Msikilizaji wa ngano haulizi paa amejifunza wapi kusema, lakini msomaji wa kurasa mia tatu atauliza: wale paa wengine waliobaki tunduni mwa muuzaji je? Na kama almasi moja ilipatikana, kwa nini asitafute nyingine kila shida inapoingia? Amua mapema paa anaweza nini na kinamgharimu nini, halafu usimwongezee uwezo ati kwa sababu sura ya ishirini imekubana.

Marudio yapunguze. Masikioni yana utamu, kwenye karatasi yanachosha. Vichwa saba si lazima vikatwe kimoja kimoja.

Wapo wanaoogopa kubadili chochote, wakidhani wanaivunjia ngano heshima. Wasimulizi wamebadili siku zote. Ndugu wawili Grimm wa Ujerumani walipochapisha kisa cha Snow White mwaka 1812, malkia anayemwonea binti wivu alikuwa mama yake mzazi; katika toleo la 1819 akawa mama wa kambo. Na paa wetu ana mwenzake Ufaransa, yule paka wa Charles Perrault wa mwaka 1697, ambaye naye anamwozesha bwana wake fukara binti wa mfalme kwa maneno matupu. Paka anaishia kuwa mheshimiwa. Paa anaishia kisimani. Soma visa hivyo viwili siku moja na utaona ni kiasi gani uamuzi mmoja wa msimulizi unavyogeuza maana yote.

Haki miliki pia iangalie. Ngano ni ya wote, lakini kile ambacho mwandishi au mtengeneza filamu wa siku hizi amekiongeza humo ni chake. Ndiyo sababu nyingine ya kushika simulizi kongwe.

Kabla ya sura ya kwanza, andika tukio la uji mara tatu: kwa jicho la bwana, la mkewe anayemhurumia mgonjwa, na la kizee anayetumwa kupika. Anayekufanya uandike kurasa nyingi kuliko ulivyopanga, mpe riwaya aisimulie.