Nilienda kutibiwa kifua, kumbe ugonjwa ulianzia mguuni

Jana asubuhi dada mmoja wa Mbagala aliniandikia. Amejifungua kwa upasuaji wiki mbili zilizopita, mguu wa kushoto umevimba, na sasa akitembea kidogo tu pumzi inakata. Nikamjibu: nenda hospitali sasa hivi. Kisha nikakaa kitandani nikalia.

Mwaka jana nilianguka na bodaboda Kimara, nikafungwa POP, ile plasta ngumu, mguuni. Wiki ya nne, nikiosha vyombo, kifua kikanibana ghafla, moyo ukaenda mbio. Hospitali ya kwanza wakasema nimonia, wakanichoma sindano, wakanirudisha nyumbani. Niliingia pale na magongo, lakini hakuna aliyeniuliza habari za mguu, nami sikusema. Hilo linaniuma mpaka leo. Usiku nikakohoa damu, nikazimia chooni.

Mume wangu akanikimbiza kwa bajaji hospitali kubwa. Presha ilikuwa 80 kwa 50. Daktari wa zamu, binti mdogo tu, aliuliza mguu kabla ya kifua. CT scan ikaonyesha mabonge ya damu yamepanda hadi mapafuni, yameziba mishipa pande zote mbili. Akatueleza kwamba heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, inazuia bonge lisikue, lakini hailiyeyushi, na kwa presha ile hatukuwa na muda wa kusubiri. Ipo dawa ya kuyeyusha, alteplase, ila inaweza kuvujisha damu hata kwenye ubongo. Mume wangu akasaini, mkono unatetemeka. Dripu ikachukua saa mbili. Kabla ya alfajiri nilivuta pumzi, ikashuka mpaka chini. Alhamdulillah.

Ndugu zangu, mkifika kwa daktari tajeni mguu! Tajeni upasuaji, uzazi, vidonge vya majira, safari ndefu ya basi, maana vyote vinaweza kuchangia damu kuganda. Msingoje kuulizwa. Mimi niliandikiwa warfarini, vidonge vya kuzuia damu kuganda, nikawa napimwa INR, kipimo cha muda ambao damu inachukua kuganda, ibaki kati ya 2 na 3. Mchicha na matembele sikuacha, nilikula kiasi kilekile kila wiki, maana vitamini K inapunguza nguvu ya dawa hiyo. Ukiwa kwenye warfarini, diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya duka la dawa, usiiguse bila kumuuliza daktari. Na usikatishe dozi kwa kuwa umepata nafuu, ni miezi 3 kwa uchache. Mguu, jamani, tajeni mguu.

Yule dada amenijibu usiku huu. Yuko wodini, amewekewa oksijeni na ameanza sindano. Anasema pale mapokezi alianza na mguu.