Glezi inapasuka baada ya wiki kadhaa: kosa liko wapi?

SWALI: Mwalimu, habari? Mimi ni mwanafunzi wa ufinyanzi hapa Kisumu. Nafinyanga mabakuli kwenye gurudumu kwa udongo mwekundu kutoka Ilesi, Kakamega. Nayachoma mara ya kwanza kwa nyuzi 950 za sentigredi, napaka glezi angavu ya dukani, ile inayogeuka tabaka la kioo motoni, kisha nayachoma tena kwa nyuzi 1,050. Yanatoka tanurini safi kabisa, lakini baada ya wiki chache za kunywea uji glezi inajaa nyufa kama utando wa buibui. Nibadilishe glezi?

JIBU: Glezi iache kwanza. Umeniambia jambo kubwa, kwamba siku ya kufungua tanuri nyufa hazikuwepo. Zingetokea siku ile, bakuli likilia "ti, ti" linapopoa, ningesema glezi inasinyaa kuliko udongo, uiongezee silika, yaani madini ya mchanga. Zako zimechelewa, na hiyo ni dalili ya udongo unaokunywa maji. Kila unapoosha bakuli, maji yanapenya kwenye kitako ambacho hakina glezi. Udongo unafura kidogo kidogo. Glezi ni kioo, hainyumbuki, kwa hiyo inapasuka.

Usiulaumu udongo huo. Wafinyanzi wa Ilesi hutengeneza nao vyungu na mitungi, na mtungi wa maji unatakiwa unyonye: maji yanajipenyeza hadi nje, yanakauka kwa upepo, na yaliyobaki ndani yanapoa. Kwa joto la Kisumu, hiyo ni sifa ya thamani. Kwa bakuli la glezi ndiyo inayokuponza.

Pima uhakikishe. Chukua kipande kisicho na glezi kilichochomwa kwa nyuzi 1,050, kikiwa kikavu kabisa, ukipime kwa mzani wa jikoni. Kichemshe saa mbili, kiache kipoe majini, kifute, ukipime tena. Kikitoka gramu 400 kikafika 448, kimenyonya asilimia 12. Hiyo ni nyingi mno.

Sasa geuza mpango wako: moto mkali uwe wa kwanza. Choma vipande vya majaribio kwa nyuzi 1,080, kisha 1,100, kisha 1,120, ukipima unyonyaji kila mara. Weka kigae chakavu chini yake, maana udongo wenye chuma nyingi ukizidishiwa moto huvimba au hulegea na kuharibu rafu ya tanuri. Ukipata joto linalopunguza unyonyaji bila kuharibu kipande, choma mabakuli hapo, kisha glezi iive kwa nyuzi 1,050 kama kawaida. Bakuli lililoiva hivyo halivuti glezi haraka. Lipashe joto kidogo kabla ya kulichovya, na glezi iwe nzito kuliko ulivyozoea.

Yale yaliyokwisha pasuka, weka njugu au funguo, si uji wala maziwa, kwani mabaki hujificha kwenye nyufa. Kuyarudisha kwenye moto uleule kutaziba nyufa kwa muda tu, na ukianza kuyaosha zitarudi.