Nina cheti cha uuguzi, naweza kuruka niende digrii?

SWALI: Shikamoo Sista. Mi ni nesi wa cheti, niko kituo cha afya huku Rukwa, ajira ya serikali. Form six sikusoma. Nataka niwe muuguzi msajiliwa kabisa, ile ngazi ya juu ya hii yangu ya cheti, sasa kuna mtu kanambia niaplai tu digrii kwa cheti changu na matokeo ya form four. Inawezekana? Na je niache kazi kwanza?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huyo mtu anataka hela yako ya fomu iende bure. Digrii ya uuguzi, iwe chuo kikuu cha Muhimbili, KCMC au Dodoma, unaingia na form six ya masomo ya sayansi au diploma ya uuguzi, na wenye diploma wanaangaliwa GPA (wastani wa alama) ya 3.0 kwenda juu, halafu bado wanarudi kuchungulia form four yako, hapo hesabu na fizikia zimeshakwamisha manesi wazuri tu ambao wodini huwaambii kitu. Kwa hiyo chukua mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka huu ujicheki mapema, kama kuna F rudia huo mtihani (risiti) sasa hivi.

Wewe njia yako ni diploma kwanza. Na kitu ambacho naona hujaambiwa, ukimaliza hiyo diploma ukafaulu mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, tayari ni msajiliwa, digrii haijaingia hapo. Digrii inabadilisha cheo, diploma unakuwa Afisa Muuguzi Msaidizi, digrii ndo unakuwa Afisa Muuguzi na mshahara unapanda, ila ni miaka 4 ya anatomia, famakolojia, utafiti na zamu za wodini, tena ukiwa na watoto wa form six wanaokuita mama. Mi ningekuwa wewe ningechukua diploma, nifanye kazi kidogo, ndo niamue.

Kazi usiache! Andika barua ya ruhusa ya masomo kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia kwa mganga mfawidhi wako, na ufuatilie jina liingie kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, ukichelewa bajeti inapita bila wewe. Usiondoke kimyakimya eti utaelezea baadaye, zikipita siku 5 bila ruhusa ni utoro wa kufukuzwa kazi. Na leseni yako endelea kuihuisha hata ukiwa chuo.