Jaribio linapita hata nikifuta ukaguzi

Swali: Habari za kazi. Nina darasa la Akaunti kwenye Python. Mtu akitoa kiasi hasi, toa() inatakiwa iibue ValueError. Kwenye jaribio nimeiita ndani ya try, kisha nikaweka except ValueError: pass. Juzi nilifuta ule mstari wa ukaguzi kwa bahati mbaya, na jaribio bado likapita. Nimekosea wapi?

Jibu: Njema, ndugu yangu. Jaribio lako halijawahi kupima kitu. Hitilafu ikitokea, except inaimeza. Isipotokea, try inamalizika salama. Kwa vyovyote utaona kijani. Tumia pytest, zana ya kuandikia majaribio ya Python:

```
akaunti = Akaunti(1000)
with pytest.raises(ValueError, match="kiasi hasi"):
    akaunti.toa(-50)
assert akaunti.salio == 1000
```

Futa tena ukaguzi ule, safari hii kwa makusudi. Jaribio litaanguka na kukuandikia DID NOT RAISE. Mimi siliamini jaribio la hitilafu mpaka niwe nimeliona likianguka.

Mstari wa assert usiuingize ndani ya with. Hitilafu ikishaibuka, kilichobaki humo hakitekelezwi, kwa hiyo salio halitakaguliwa kamwe. Nalo ndilo lenye pesa za watu: ukipunguza -50 kwenye 1000 unapata 1050. Programu inayobadilisha salio kwanza halafu ndiyo ikague itaibua ValueError vizuri kabisa, na mteja ameshaongezewa 50.

Match nayo, inayokagua ujumbe wa hitilafu, usiiache. ValueError hutoka sehemu nyingi. Hata int("elfu") huibua hiyo hiyo. Ila match husoma maandishi yako kama regex (ruwaza ambayo baadhi ya alama zina maana maalumu), hivyo ujumbe wenye mabano au alama ya kuuliza upitishe kwanza kwenye re.escape.

Tafadhali usiandike Exception mahali pa ValueError. Ukikosea herufi ukaandika akaunti.tao(-50), Python itaibua AttributeError, ambayo nayo iko chini ya Exception. Kama match haipo, jaribio litapita, na toa() haikuguswa.

Kama kazini mnatumia unittest, zana ya majaribio inayokuja na Python, with self.assertRaises(ValueError): hufanya kazi ile ile. Ukipenda mstari mmoja, andika self.assertRaises(ValueError, akaunti.toa, -50). Ukiandika akaunti.toa(-50) humo, hitilafu inalipuka kabla assertRaises haijaanza kazi.